Siku Baba Alipojifanya Amekufa

Juzi nilimkuta mjukuu wangu amelala mkekani, amejifunika kanga gubigubi, wenzake wakimlilia huku wanacheka. "Anajifanya amekufa, Bibi," wakaniambia. Niliwafokea mpaka wakatawanyika, kisha nikaona haya.

Hata mimi niliwahi kucheza hivyo, kule Newala, askari wa Mdachi walipokuwa wakisaka wanaume waliokunywa maji ya vita. Mchana ule Mama alinivuta jikoni, kulikokuwa kunanuka mihogo iliyovundikwa. "Baba yako atajifanya amekufa. Wewe lia tu, mwanangu." Nyanya, mama yake Baba, akatunyoa vichwa mimi na Mama kama wafiwa, na Baba akalala chini ya shuka jeupe.

Askari alipoinama mlangoni, niliona kidole cha mguu wa Baba kinacheza, nikaanza kucheka. Mama naye alikuwa akitetemeka. Nilidhani anazuia kicheko. Akanifinya paja kwa kucha, nikapiga yowe la kweli. Askari akasema, "Poleni," akaenda zake.

Jioni Baba akashika njia ya Ruvuma. Nikauliza atarudi lini. Nyanya alinipapasa upara. "Nywele zikiota."

Kila asubuhi nilijipapasa kichwa. Nywele ziliota, zikafikia kusukwa. Kisha siku moja akaja mtu kutoka mtoni, akanong'ona na Mama. Nyanya akachukua wembe, akaniita.

Safari hiyo hakuna aliyeniambia nilie.