Kila Kitu Kiko Tayari

Mimi, katibu wa uinjilisti, ndiye niliyewashawishi wazee wa kanisa kwamba waumini wetu walioko Dar tuwahudumie kwa barua pepe, maana huku mlimani simu hazishiki. Nikajiona mtume wa karne mpya. Desemba huwa wanaandika kwamba wanakuja Krismasi, basi nikaiwekea anwani ya usharika jibu linalojituma lenyewe: "Bwana asifiwe. Tumepokea ujumbe wako. Kila kitu kiko tayari, tunawasubiri kwa furaha." Kisha nikakaa wiki nzima bila kushuka Moshi mjini, kwenye mtandao, kusoma barua yoyote.

Jumamosi nikapanga kwaya barabarani kuwalaki wageni. Gari la kwanza lilipokata kona, nikawapa ishara waimbe. Lilikuwa pikapu, na nyuma yake kulikuwa na jeneza.

Mama Elia, muumini wetu wa Dar, akashuka, macho yamevimba.

"Shikamoo, katibu. Asante kwa kunijibu upesi."

Kabla sijaitikia, akaendelea:

"Kaburi la mume wangu mmelichimba pale kihambani, kwenye migomba ya nyumbani kwao, karibu na baba yake, kama nilivyoomba?"

Nikageuka kuitazama ile migomba yao. Nyuma yangu kwaya ilikuwa bado inaimba na kupiga vigelegele.