Tundu Juu ya Mstari

Swali lilikuwa jepesi, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Nilichora mstari ubaoni, unaoanzia kwenye namba moja ya mhimili wa wima na kupanda taratibu kuelekea kulia, ukipita pale tatu ya chini inapokutana na tatu ya pembeni. Nikauliza pente, yaani mwinamo wa mstari: umepanda miraba mingapi, umesogea kando miraba mingapi, gawanya. Jibu ni theluthi mbili. Darasa zima likaniandikia moja.

Mimi ni mtu wa kufoka, na siku hiyo nilifoka hadi darasa la jirani likanyamaza. Ulikuwa mwaka wao wa mwisho wa sekondari. Mtihani wa serikali ulikuwa unakuja, ikiwa karatasi zingefika mjini kwetu Bunia, maana vita viliacha barabara bila wenyewe na ndege zilitua zilipotaka. Na hawa watoto, niliwaza, wamekaa hapa wananakiliana hata makosa.

Aliyenijibu ni msichana mmoja aliyewazidi wenzake umri, kwa sababu vita vilikuwa vimemkatia masomo mara mbili. Mjomba wake, aliyemlea tangu walipokimbia Saio, alikuwa amekata shauri: akianguka mtihani huu, anakwenda Aru kuuza vitenge kwenye meza ya shangazi yake. Yeye alitaka kusomea uuguzi, na bila diploma hakuna shule ya uuguzi ambayo ingempokea. Hakuwa mtu wa kunakili, na nililijua hilo hata nilipokuwa nafoka.

"Hatukukopiana, Prof," alisema. "Weye ulisema tuchague point yenye kuonekana wazi. Siye tulichagua ile."

Alinyoosha kidole kutoka nyuma kabisa ya darasa. Nikageuka. Juu kidogo ya mstari wangu, penye mbili ya chini na tatu ya pembeni, palikuwa na tundu la risasi.

Ubao wetu ulikuwa ukuta wenyewe, simenti iliyopakwa rangi nyeusi. Risasi iliingia kwa dirisha Jumapili moja, darasa likiwa tupu, na tangu hapo nilikuwa nimelizoea lile tundu kama mtu anavyozoea shimo la njia ya kwake. Nilichora juu yake bila kuliona. Wao walihesabu kutoka moja ya mhimili hadi kwenye tundu: miraba miwili juu, miwili kando, jibu moja. Hesabu yao haikuwa na kosa lolote. Nilitaka kucheka, ila hasira zilikuwa zimeshapanda na hazikujua pa kushukia.

Mstari wangu wao hawakuuona. Chaki iliyokuwa ikitoka Uganda ilikuwa haiji tena, kwa hiyo tuliandika kwa vipande vya muhogo mkavu, ambavyo vinakwaruza sana na kuacha alama hafifu. Ukikaa mbele, unaona. Lakini benchi za mbele zilikuwa tupu, kwa sababu zilipakana na madirisha yanayotazama barabara. Mlango ulikuwa nyuma, na kila mzazi aliyethubutu kumpeleka mtoto shuleni miaka ile alimpa agizo lile lile: ukae karibu na mlango. Basi walibanana huko nyuma viwiko vikigongana, mikoba imeshikwa tayari kwa mkono. Kuhama chumba hakukuwezekana. Vyumba visivyokuwa na darasa vilikuwa vimejaa familia zilizokimbia vijiji vyao, sufuria na magodoro juu ya madawati.

Nilimwendea prefe, mkuu wetu wa shule, nikamwomba angalau simenti kidogo ya kuziba.

"Simenti ya wapi, Prof?" aliniuliza. "Ubao iko inaandika bado."

Kesho yake, ili nisimsumbue tena, aliziba tundu kwa udongo. Udongo ukakauka ukawa mwekundu. Sasa nukta yangu ya uongo ilikuwa na rangi.

Nikahamishia mstari chini, mbali na tundu, wakaanza kubahatisha. Nikawaamuru wasogee mbele, wakatazama sakafu. Nikawatisha kwamba nitawakata alama. Kijana mmoja akaniambia kwa upole ulionichoma kuliko tusi: "Kata tu, Prof. Hata weye unasimama pa kona."

Ilikuwa kweli. Nilifundisha nikiwa nimejibana kwenye kona ambako dirisha halifiki, mkono nimeunyoosha kuelekea ubaoni. Nilimchukia kwa siku nzima.

Asubuhi moja yule msichana aliinuka kabla sijaanza somo, akaenda mbele peke yake, akakaa kwenye benchi ya kwanza, bega lake kando ya dirisha. Nilimuuliza mjomba wake angesema nini.

"Mujomba alisema nipate diploma," alijibu. "Chora tu, Prof."

Nikachora mstari ule ule wa kwanza, na tundu jekundu likiwa mahali pake. Alitazama kidogo tu.

"Deux tiers," alisema. Theluthi mbili.

Hakuna aliyemfuata. Hadi mwisho wa mwaka alikaa pale peke yake, na kila pikipiki ilipopita barabarani kwa kelele mabega yake yalipanda, halafu yakashuka, halafu akaendelea kuandika. Mimi nilihama kona, nikaanza kusimama kati yake na dirisha. Sijui ingesaidia nini. Nilifundisha kwa haraka na kwa ukali, na nyuma wenzake waliendelea kukunja macho na kubahatisha, na sikuweza kuwalaumu, jambo lililonitia hasira zaidi.

Karatasi za mtihani zilifika. Nilimsubiri nje, na alipotoka nikamuuliza kama pente ilikuwemo.

"Ilikuwa, Prof. Nilipata." Na kweli alipata, na diploma alipata, na Aru hakwenda. Lakini siku ile aliongeza jambo lingine, kwa furaha, kama mtu anayemletea mwalimu wake zawadi. "Walinipatia nafasi pa dirisha. Mambo ya inje ilikuwa inasumbua bengine, bakawa banaangalia tu. Miye nilishazoea."

Nikamwambia vizuri sana. Nilimfundisha pente mwaka mzima, nayo nilimfundisha kwa kufoka. Lile la kuzoea dirisha sikumfundisha mimi, na hadi leo sijampata wa kumfokea kwa ajili ya hilo.