Walisema Walipiga Juu

Baba alipanda juu ya nyumba asubuhi, kabla malata ya paa hayajashika moto wa jua, kwa sababu mvua ya kwanza ilikuwa imekwisha kulowesha kitanda chake. Maisha yake yote alikuwa fundi wa tanuru la shaba. Sasa kazi ilikuwa imesimama, na kila siku alitafuta kitu cha kugonga. Siku ile aligonga misumari. Mimi nilikuwa uani nikichambua mboga za lenga-lenga, mtoto wangu mgongoni, na Baba alipoishiwa alishusha kopo kwa kamba nimjazie mingine.

Mwisho wa barabara yetu, pale mtaani Katuba, kulikuwa na depo ya unga. Miaka ile nchi ilikuwa inabomoka kipande kwa kipande, na njaa ilikuwa imeingia hata katika nyumba za wenye diploma. Kelele zilianza huko depo. Kutoka chini sikuona kitu, ila Baba aliona.

"Bantu banavunja mulango, banabeba mifuko," aliniambia. Kisha akasema, "Polisi banakuya. Ingiza mutoto mu nyumba."

Sikumsikia tena akisema neno. Niliingia. Ilisikika milio ya bunduki, mmoja juu ya mwingine, halafu kitu kizito kikiteleza kwenye malata.

Alianguka upande wa jirani, katikati ya mihogo. Risasi ilikuwa imemwingia chini ya kwapa. Jirani, mama mmoja mjane, alikuwa amejibanza jikoni kwake na aliona yote: polisi mrefu, ncha ya sikio la kushoto imekatika, ameegemea ukuta wake na kufyatua. Tulimlaza Baba kwenye mkokoteni. Hospitali hatukufika naye akiwa hai.

Kwenye kilio walikuja watu wa kanisa, wa tanuru, hata wale waliobeba unga. Polisi hakuja hata mmoja. Tulipokwisha kuzika, Mama alifunga kitenge chake cheusi akaniambia, "Twende."

Kituoni, komanda wa polisi alimpa Mama kiti. Alikuwa mtu wa adabu, na hilo lilituuma zaidi.

"Mama, pole sana. Lakini bantu bangu balipiga mayulu tu, balikuwa banatisha bezi ba unga. Hakuna mwenye alilenga muntu."

Mayulu, ndivyo tunavyosema juu.

"Bwana wangu alikuwa mayulu," Mama akamjibu.

Komanda alitazama meza yake. "Iko accident, Mama. Ni risasi yenye kupotea."

"Nani aliipoteza?"

Komanda alisimama kutuonyesha kwamba mazungumzo yamekwisha.

Tukaenda auditora, mahali wanaposhtakiwa askari na polisi. Kijana wa sheria aliyetupokea alimsikiliza Mama mpaka mwisho, akamwita jirani yetu naye akamsikiliza. Alisema mwenye sikio lililokatika atatafutwa. Tuliporudi, tuliambiwa polisi huyo yuko safarini, bila kutajiwa jina lake. Tukarudi tena, bado yuko safarini. Mama alizoea benchi lile la nje. Alikwenda na mboga zake akazichambulia pale, kama mtu aliye kwake.

Halafu askari wengine waliingia mjini na serikali ikageuka. Wakubwa wa zamani walikimbia, na ofisi zao zilibebwa hadi milango. Zilipofunguliwa upya, tulimkuta auditora mtu mgeni ameketi kwenye kiti cha plastiki.

"Ile ilikuwa polisi ya serikali ingine," alisema. "Mukabaulize benyewe."

"Beko wapi?"

"Balikimbia, Mama."

Tulirudi nyumbani kwa miguu.

Ili tule, tulianza kwenda mpakani Kasumbalesa kununua unga wa ng'ambo. Siku moja tukirudi, tukiwa juu ya lori, tulisimamishwa kwenye kizuizi cha barabara. Aliyeshika kamba alivaa sare mpya. Alipogeuka nikaliona sikio. Mama alikuwa amekwisha kushuka, nami nikamfuata nikimshika kitenge.

"Unanijua?"

"Hapana, Mama. Mupande, munafunga njia."

"Katuba, ku depo ya unga. Muntu alikuwa juu ya malata."

Kamba ilimlegea mkononi. Alitazama nyuma, wenzake walikuwa kivulini wakila.

"Mama, balituambia tupige mayulu. Miye nilipiga mayulu."

"Ulimuona?"

"Nilimuona wakati alianguka. Kabla ya pale sikumuona."

"Basi twende ukaseme vile ku auditora."

"Nikisema, banafunga miye peke yangu. Ule mwenye alituambia tupige, leo iko mukubwa ku ville, kule mujini. Njo yeye anatuamuru tena." Aliishusha kamba lori lipite. "Munisamehe, Mama. Mupande."

Nilitegemea Mama apige kelele. Kwa miaka alikuwa amejitengenezea kichwani mtu katili, na aliyesimama mbele yake alikuwa mwembamba, mwenye viatu visivyolingana. Alipanda lori, akaweka uso kwenye mfuko wa unga, akalia kwa mara ya kwanza tangu tuzike.

Kesho yake alikwenda auditora kusema amemwona. Wakamwambia alete mashahidi. Jirani yetu alikuwa amekwisha kurudi kwao Kasomeno, na tulipopita tena barabara ile kizuizi kilikuwa kimeondolewa. Mama aliendelea kwenda ofisini hadi miguu ilipovimba, kisha akabaki akinituma mimi. Ugonjwa wa sukari ndio uliomuua, majira ya baridi, vumbi jekundu likiwa limefunika kila kitu.

Baada ya kumzika nilirudi auditora peke yangu. Binti mmoja mpole alinikaribisha, akaniuliza ni polisi gani ninayemshtaki, anaitwa nani. Nilisema ninajua tu sura yake, na sikio lililokatika. Alinihurumia, nadhani, maana alinisindikiza hadi mlangoni kabla ya kumwita mtu aliyefuata.