Pointi za Desemba

Mwaka wa 2007 nilikuwa nauza televisheni katika duka moja mjini Nakuru, na kwa sababu hiyo ninajua mambo mengi kuhusu barafu. Mwenye duka, mzee Mhindi aliyezaliwa mjini humo humo, alikuwa na imani yake: ubora wa kioo hujulikana kwa weupe. Mechi za kandanda zilimjazia duka watu wa kutazama tu. Kwa hiyo televisheni zote za ukutani ziliwekwa kwenye stesheni moja ya michezo ya Ulaya, na mchana, mji ukisinzia kwa jua na vumbi, barafu ilitanda mbele yangu kutoka kona hadi kona.

"Wacha hapo hapo," aliniambia kila nilipotaka kubadilisha. "Nyeupe inauza."

Ndivyo nilivyoujua mchezo unaoitwa curling. Mtu anapiga goti, anasukuma jiwe zito la mviringo lenye mkono juu yake, analiachilia. Wenzake wawili wanalitangulia wakifagia barafu kwa nguvu zao zote ili lifike mbali, hadi likome ndani ya duara lililochorwa mwisho wa uwanja. Sauti tulikuwa tumezima. Mawe yalipita kimya kwenye vioo vyote kwa pamoja, nami nikiyatazama nilihisi sakafu ya duka ikiteleza taratibu chini ya viatu vyangu. Wateja waliniita mara mbili kabla sijaitika.

Mashindano ya dunia yalipokwisha walionyesha orodha ya nchi, ya kwanza hadi ya mwisho, na mimi ni mtu wa kutaka kujua sheria. Ukinionyesha orodha bila kuniambia imepangwaje, sitalala. Nikaenda saiba, nikalipia intaneti, nikasoma. Kumbe kila timu ya taifa hupewa pointi kulingana na nafasi iliyoshika katika mashindano makubwa, wanaume na orodha yao, wanawake na yao. Lakini pointi hazikai. Za mwaka huu huhesabiwa kwa uzito wote, za mwaka jana hupunguzwa, za mwaka juzi hupunguzwa zaidi, na baada ya miaka michache zinaanguka kabisa, kana kwamba hukuwahi kucheza. Uwe ulikuwa bingwa, usipotokea tena unateremka pole pole hadi jina lako litoweke. Kenya yetu haikuwa ya mwisho. Haikuwepo tu.

Nilikubaliana na mpango huo moja kwa moja. Niliona ni haki tupu, orodha inayojua kusahau.

Wakati huo mimi na mama tulikuwa tumepanga chumba mtaa wa Free Area, katika ploti ya vyumba sita vinavyotazamana, na katikati uwanja wa saruji. Jumamosi ilikuwa siku ya kufua, na wapangaji walikuwa na zamu ya kuosha uwanja kwa maji ya sabuni yaliyobaki. Jumamosi moja, saruji ikiwa imejaa povu na jua likimetameta ndani yake, niliuona uwanja wote mweupe kama vioo vya dukani. Nikawaambia kuna watu Ulaya wanafagia hivi na wanapewa medali.

"Medali ya kufagia?" mama akauliza. "Basi mimi nimekosea nchi."

Jirani yetu wa chumba cha mwisho ndiye aliyeleta jiwe. Alikuwa akipiga pasi nguo za watu hapo kwenye geti, kwa pasi ya makaa, ile ya chuma yenye mkono wa mbao. Alimwaga makaa, akaiacha ipoe, akaja akapiga goti kwenye povu na gauni lake la maua. Tulikuwa tumechora duara kwa jivu karibu na mfereji. Pasi iliteleza ikizunguka kidogo kidogo, bila haraka, ikasimama katikati kabisa.

Kuanzia hapo tulicheza kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Kila chumba kilikuwa nchi. Jirani alichagua Kanada kwa kuwa ndiyo niliyomwambia iko juu; mimi na mama tukawa Norwe. Mmoja alisukuma, mwenzake akafagia mbele ya pasi kwa ufagio wa makuti. Jirani aliishi peke yake, hakuwa na mfagiaji, na alisema Kanada haihitaji ufagio. Nilichora orodha kwa chaki ukutani kando ya bafu, na nikaleta sheria ya barafu bila kuipunguza hata nukta: pointi za mwezi huu nzima, za mwezi uliopita pungufu, na za miezi mitano nyuma zinafutwa. Wakaniita refa, na haikuwa kwa kunisifu. Mwaka ulipokwisha Kanada ilikuwa juu yetu sote. Jirani alipita hapo akienda kuoga, akagonga jina la nchi yake kwa kidole, akacheka peke yake.

Kisha matokeo ya uchaguzi, na fujo zilizofuata. Sitasema jirani alikuwa kabila gani wala sisi tulikuwa gani. Wanaojua wanajua, na wasiojua hawajapoteza kitu. Asubuhi moja mwisho wa Januari moshi ulikuwa umesimama juu ya nyumba upande wa barabara ya Nairobi, na vijana waliingia ploti wakauliza chumba cha jirani ni kipi. Mama alisema wa chumba kile amesafiri. Jirani alikuwa nyuma ya pazia letu, ameketi juu ya kitanda changu, viatu mkononi. Walipoondoka mama alimshika mkono wakapita njia ya nyuma hadi kwenye lori la polisi lililokuwa likipeleka waliokimbia makwao kwenye uwanja wa maonyesho. Mama aliporudi, pasi ilikuwa bado pale getini juu ya shati la mtu, makaa yakiwaka ndani. Aliyamwaga, akaipoza, akaisukuma chini ya kitanda chake.

Mwezi wa Machi, wakubwa wa siasa wakiwa wamekwisha kupeana mikono, ploti ilitaka kucheza tena. Mtu akajaza mchanga kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia uwe jiwe. Mama alikataa kushika ufagio.

"Mchezo una mwenyewe," alisema.

Norwe haikucheza, basi, wala Kanada. Vyumba vingine vikapanda, na kila mwisho wa mwezi nilichukua chaki nikawapunguzia wasiokuja. Tuliteremka pamoja, sisi na yeye, ngazi kwa ngazi. Dukani Kanada ilikuwa bado juu kwenye vioo vyote, inang'aa, na jioni nilirudi nyumbani nikaikuta imeshuka ukutani.

"Mbona unampunguzia?" mama aliniuliza mwezi wa Aprili.

"Hakucheza, mama."

"Hakukataa kucheza."

"Orodha haiulizi ni kwa nini hukuja."

Mama akaendelea kuchagua mchele. Nilikasirika, kwa sababu sheria ilikuwa upande wangu na bado nilijiona nimeshindwa. Alichotaka mama kilikuwa kimoja tu: jirani arudi chumbani kwake kabla ya kusahauliwa. Hakuna aliyekuwa na namba yake ya simu. Kisha mwenye ploti akatangaza kuwa chumba cha mwisho kingepangishwa mtu mwingine mwezi wa Juni.

Jirani alikuja Jumamosi ya mwisho ya Mei, tukiwa katikati ya kufua. Alikuwa amekonda na amefunga kichwani kitambaa ambacho sikukijua. Nje ya geti kulikuwa na pikapu iliyokuja kubeba kitanda na meza yake. Wapangaji walimsalimu wakitazama beseni zao. Mama alifuta mikono, akaingia ndani, akatoka na pasi. Alikuwa ameisugua kwa mchanga mpaka chuma kikawa cheupe.

Jirani aliipokea, akaipima uzito. Kisha akaenda ukutani. Kanada ilikuwa ya mwisho, sambamba na Norwe, na kando yake pointi moja.

"Refa, hii moja ni ya lini?"

"Ya Desemba."

"Na inaisha lini?"

Nilitamani kudanganya. "Leo."

Aliweka mkoba wake kwenye ngazi, akavua viatu, akapiga goti kwenye povu. Hakuna aliyemwambia acheze wala aache. Pasi ilipotoka mkononi mwake nilijua haitafika. Alikuwa amepoteza nguvu. Ilianza kukawia katikati ya uwanja. Ndipo mama, aliyekuwa Norwe, akachukua ufagio, akainama mbele ya pasi ya Kanada, akafagia. Alifagia akilia, akirudi kinyumenyume, povu likiruka pande zote, na ile pasi ikaendelea, ikaendelea, ikagusa jivu la duara, ikasimama. Mama hakusimama. Alifagia saruji tupu hadi jirani alipomshika mkono.

Nilimwandikia pointi zake. Nilibonyeza hadi chaki ikavunjika.

Alipokuwa akiondoka, pasi kwapani, alipita mbele yangu akautazama ukuta.

"Ukianza kuzipunguza," aliniambia, "punguza pole pole."

Mwisho wa Juni nilisimama pale na chaki. Watu wa chumba cha mwisho, wageni, walikuwa wakianika nguo zao. Pointi ya Norwe niliifuta, za nchi nyingine zote nikazipunguza. Kanada sikuigusa. Mwezi uliofuata vile vile. Tulipohama ploti ile, Kanada ilikuwa juu.