Choya ya Esta, Toronto

Safari hii ilitokana na mdogo wangu Esta. Miaka ile ya tisini alikuwa akitunza wazee huko Toronto, presha ikamwangusha kazini. Akanipigia simu: "Kaka, njoo, na uniletee choya ya nyumbani."

Choya ni yale magamba mekundu yanayobaki ua la rozela likishanyauka. Kwetu Dodoma majani tunapika mboga, magamba tunakausha na kuchemsha na tangawizi. Mzee mmoja jirani alipikia hata jemu, lakini huyo tumwache, alikuwa na mambo yake.

Ndani ya ndege nililala, nikaamka, mawingu ni yale yale. Sikujua kama tunakwenda au tunaelea tu.

Mtaani Jane na Finch, ghorofani kwa Esta, theluji ilishuka kimya kama pamba. Nikachemsha choya. Mwanga wa dirisha ukapita kwenye jagi, ukuta ukawa mwekundu, nikakaa nautazama mpaka nikasahau niko nchi gani.

Wiki ikapita Esta akinywa kutwa. Asubuhi moja binti yake, Tumaini, akanionyesha kichupa cha vidonge vya presha vya mama yake. Alisema kwa Kiingereza, sikuambulia kitu, ila kichupa kilikuwa kimejaa.

"Esta, dawa hizi humezi?"

"Za nini, kaka, na choya ipo? Kanisani mama mmoja Mkongo kasema inashusha presha."

"Inashusha, lakini mimi nimekuletea kinywaji. Udaktari nitautoa wapi, nami shule niliishia la tatu?"

"Leo unawatetea madaktari? Jino lako si uling'oa kwa uzi?"

"Meno nilikuwa nayo mengine. Mdogo wangu ni wewe tu."

Akacheka, akapakua ugali. Nikasukuma sahani. Kwetu kaka akigoma kula kwako, hiyo ni aibu ya ukoo mzima. Esta akanuna, akazunguka jikoni, mwisho akavaa koti.

Kliniki wakampima: presha bado iko juu sana. Akanitafsiria maneno ya daktari taratibu, kama anayetafuna ndimu: choya anywe kiasi, sukari apunguze, vidonge asiache, na arudi kupimwa isije ikashuka kupita kiasi.

Jioni akameza kidonge mbele yangu. Nami nikala ule ugali, umeshapoa.

Nilirudi Dodoma na somo moja. Choya hata Toronto ilikuwepo, niliiona mwenyewe dukani. Esta alichokosa ni mtu wa kumgomea chakula.