Siku Niliyonuswa na Askari wa Zimamoto

Mpaka leo, nikiingia nyumbani kwa wakwe zangu Al Amerat, kando ya Maskati, lazima atokee mtu avute pumzi kwa pua, kwa makusudi na kwa sauti, halafu ukumbi mzima uangue kicheko, na mimi hucheka nao kwa sababu sina la kufanya. Aibu ile niliifuata mwenyewe, tena kwa ndege.

Wakati huo nilikuwa nimemposa Salma na jawabu bado halijatoka. Baba yake, Mzee Khalfan, hakusema ndiyo wala la, alisema tu kwamba anataka kwanza kujua nikoje safarini, na kwa kuwa yeye magoti yamemchosha akamwachia kazi hiyo mwanawe, Harith, ambaye ni rafiki yangu tangu skuli. Basi tukatoka Maskati na mabegi ya mgongoni tukenda Lisbon (Harith ndiye aliyeuchagua mji, eti Wareno walikuja kwetu zamani bila ya kualikwa, na sisi tukawatembelee vivyo hivyo), tukawa twapanda ngazi na kushuka vichochoro vya mawe mchana kutwa, na mimi adabu yangu ilikuwa ya kutisha. Nilimbebea Harith maji. Kila alilosema nilijibu, "Kama upendavyo." Nilikuwa hata naogopa kulala nisije nikakoroma.

Ikafika Ijumaa. Nikataka kwenda msikitini na kanzu yangu nyeupe, nikaitoa chini ya begi, kumbe mvua ya juzi ilipenya na kanzu ikavunda, inanuka kama kitambaa cha kufutia meza. Harith akanambia, "Itungike dirishani, upepo utaitoa harufu." Upepo! Mtu wa Maskati nende kusali na kanzu iliyotiwa upepo, halafu habari zimfikie Mzee Khalfan kwamba mposaji ananuka? Mama alikuwa amenichomekea begini kikopo cha udi na vidonge vya mkaa, na hapo ndipo nilipoamua lile jambo dogo tu, la dakika chache.

Nikamngoja Harith ashuke uwanjani kunywa kahawa. Hosteli yetu ilikuwa jumba kuukuu lenye dari ya mbao, na darini palikuwa na kidude cheupe cheupe kinamulika kijitaa cha kijani. Mimi nilidhani ni cha intaneti (na siku zote mtandao ukinisumbua nilikuwa nahamia chini yake, wallahi). Nikafunga dirisha ili moshi usipotee, nikawasha mkaa, nikautia kwenye kikombe cha kahawa cha hosteli, nikamimina udi kwa ukarimu wa nyumbani, nikaitandaza kanzu juu ya kiti, kikombe chini yake. Harufu ilipopanda moyo wangu ulitua. Nikajiona mume wa mtu tayari.

Ndipo kidude cha intaneti kilipopiga ukelele. Nikakipepea kwa taulo, moshi ukazidi kusambaa. Nikamwagia mkaa maji, kikombe kikapasuka, chumba kikajaa mvuke na majivu, na huko nje milango inafunguka, watu wanakimbilia ngazi, na mimi nikakimbia nao, miguu mitupu, kikoi kiunoni, fulana juu, kanzu nimeikumbatia.

Uwanjani tukapangwa foleni. Gari la zimamoto likaja likiwika, likakwama kichochoroni, askari wakashuka wakapanda juu mbio, na baada ya muda akatoka mmoja mwenye masharubu ameshika vipande vya kikombe kwa koleo, anauliza ni vya nani. Nami nikatazama mbinguni kama mtalii. Yule bwana akanusa kipande kimoja, akafikiri, kisha akaanza kutunusa sisi, mmoja mmoja, kwa heshima zote. Akamnusa bibi mmoja Mjerumani, akatikisa kichwa. Akawanusa mtu na mkewe, akapita. Harufu niliyoichoma ili inipambe ndiyo iliyokuwa ikimleta kwangu hatua kwa hatua.

Harith, kikombe chake cha kahawa mkononi, akanambia kwa upole, "Bwana we, nyanyua mkono, usingoje unuswe."

Nikachelewa. Yule askari alikuwa keshainamia bega langu, akavuta pumzi ndefu, akafumba macho (naapa alifurahi), akainuka na kuninyooshea kidole, na uwanja mzima ukapiga makofi. Katikati ya makofi hayo nikasikia sauti ya mama wa makamo, kwa Kiswahili safi cha Unguja:

"Huyo mwenye kikoi si mposaji wetu?"

Nikageuka. Simu ilikuwa mkono wa pili wa Harith. Kwao Al Amerat ilikuwa alasiri ya Ijumaa, wamekwisha kula, wamekusanyika wote, na yeye alikuwa amewapigia simu ya video tangu kabla ya king'ora. Nikawaona shangazi zake, nikamwona Mzee Khalfan na miwani yake karibu na kioo, na pembeni nikamwona Salma ameziba mdomo kwa mtandio, mabega yanamtikisika. Nikajua nimemkosa.

Mzee akauliza neno moja tu. "Alikana?"

"Hakuwahi, baba," Harith akajibu. "Alinuswa."

Hosteli ikatutoa siku ileile. Kanzu nikaivaa hivyo hivyo, na msikitini jirani yangu akaniuliza udi ule nimeununua wapi.

Jawabu la posa lilikuja nimesharudi Maskati, kwa ujumbe wa Salma mwenyewe: "Nnakubali, lakini chetezo cha udi nnashika mie." Nimeiweka ahadi hiyo, na kila chumba nnachoingia natazama dari kwanza. Siku ya ndoa chetezo kikazungushwa kwa wanaume, kila mtu akajifukiza kanzu na kilemba, na kilipofika kwangu mimi, bwana harusi, Mzee Khalfan akanyoosha mkono akakipitisha kwa anayefuata.

"Mwacheni huyu," akasema, "harufu yake imeshafika mpaka Ureno."