Eti Kigari Kile Hakimfai Mume Wangu

Jamani, leo nusura nipigane kwenye yadi ya magari!

Mimi nauza mitumba Mchikichini, na gari letu kubwa ndilo linabeba marobota yangu. Kwa hiyo tulikubaliana na Baba Nasra tutafute kigari kidogo kinachonusa mafuta, yeye awe anaendea kazini Kivukoni.

Tukakipata. Cheupe, kisafi, injini imetulia.

Muuzaji akaniambia, "Mama, hiki kitakufaa sana."

"Si changu. Ni cha mume wangu."

Yule kaka akamtazama Baba Nasra, akacheka! "Na tumbo hilo? Bosi, watu watasema umeazima gari la shemeji."

Na Baba Nasra, badala ya kumkata jicho, akageukia ligari la pembeni, lile la kunywa mafuta kama maji. "Na hili je?"

Nilichemka. "Baba Nasra! Hao watakaokucheka ndio watakujazia tenki?"

Baba Nasra akaliacha lile ligari.

Akaingia kwenye kigari, akazunguka nacho yadi nzima. Akashuka anatabasamu. "Mama Nasra, mbona nimeenea?"

Muuzaji mbio mbio: "Umependeza, bosi!"

Tukaondoka zetu. Vigari kama kile viko vingi, tutanunua kwa mwenye adabu.

Eti, nimekosea?